Kabu wanafanya nini hasa? Jibu kwa mama wa Pasua, Moshi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 7, yuko darasa la pili hapa Pasua. Shuleni kwao kuna kundi la skauti wadogo na kila siku ananiomba nimwandikishe. Baba yake anasema hayo ni mambo ya kijeshi na mtoto bado mdogo. Mimi ninaogopa zaidi safari na habari za kulala nje, halafu nimesikia kuna gharama. Wanafanya nini huko? Na mtu kama mimi, ambaye sikuwahi kuwa skauti, nitajuaje kama kundi ni zuri? Mdogo wake ana miaka 4 na yeye analia anataka kwenda.

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na lile la kulitambua kundi zuri, maana mengine yote yanaegemea hapo. Siku ya mkutano wao, pita ofisini usalimie, omba kukaa kivulini uangalie, kisha tazama mikono. Kamba imeshikwa na nani? Nani anawahesabu wenzake, nani anagawa vikombe vya uji, nani anamfunga mwenzake skafu? Ukiona mikono inayofanya kazi ni ya watoto, na watu wazima wako pembeni wanaangalia, wanauliza na kusaidia panapokwama, mwandikishe binti yako. Ukimkuta mtu mzima mmoja na filimbi, na watoto 40 wamesimama juani wakisubiri amri, hapo uskauti haujaanza hata kama sare zimepigwa pasi vizuri namna gani.

Kabu ni skauti wa rika la chini, watoto wa takriban miaka 7 hadi 10. Ukivuka mpaka pale Holili ukaingia Taveta utakuta wenzetu wa Kenya wanawaita Sungura, lakini mchezo ni uleule. Nasema mchezo kwa sababu ndivyo ulivyo: mtoto wa umri huu hafundishwi ujasiri wala uaminifu kwa hotuba, anauzoea akicheza na wenzake huku ana jukumu dogo ambalo asipolitimiza wote wanaona.

Sasa neno la baba. Hajakosea kabisa, na usimbishie kwa kusema jeshi halihusiki popote. Mwanzilishi wa skauti, Robert Baden-Powell, alikuwa jenerali wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1907 aliwapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, na huko ndiko uskauti ulikoanzia. Lakini kilichompendeza katika kazi ya mpelelezi wa kijeshi, ambaye kwa Kiingereza ndiye “scout”, si bunduki wala gwaride. Ni ile hali ya mtu kuwa peke yake porini, akisoma nyayo, akijipikia, akitumia akili yake mwenyewe bila kungoja mkubwa. Alisema waziwazi kwamba gwaride haliwajengi watoto. Wadogo wa wale wavulana walipoanza kuwafuata kaka zao mikutanoni, ilionekana kwamba ratiba ya wakubwa haiwafai, na mwaka 1916 wakapewa mpango wao wenyewe, uliojengwa juu ya hadithi za Rudyard Kipling kuhusu mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu katika msitu wa India. Ndiyo maana sehemu nyingi duniani kiongozi wa kabu huitwa Akela, jina la yule mbwa mwitu mkuu. Baden-Powell mwenyewe alimalizia uzee wake hapa jirani, Nyeri, alikofariki mwaka 1941 na kuzikwa.

Kwa hiyo hofu ya baba inatoka wapi? Inatoka kwenye sherehe. Watu wengi wa Moshi wanawaona skauti siku za maadhimisho tu, wamepanga mstari, wanapiga saluti, wanasindikiza viongozi. Hilo ni tawi moja la kazi, tena la wakubwa. Kwa kabu mimi nina msimamo na sitaki kuupunguza: gwaride la dakika kumi la kujifunza kugeuka kushoto na kulia bila kugongana linatosha, watoto wenyewe wanalifurahia. Kuwasimamisha watoto wa miaka 7 tangu asubuhi hadi saa saba mchana kumsubiri mgeni rasmi ni kuwaonea. Kundi likikuomba mtoto kwa shughuli ya namna hiyo, uliza watakaa wapi, watakunywa nini, na watarudi saa ngapi. Usiporidhika, kataa. Hakuna kanuni ya skauti unayoivunja kwa kukataa.

Mkutano wa kawaida unachukua kama saa moja na nusu au mbili, mara moja kwa wiki. Watoto wamegawanywa katika vikundi vidogo vya sita sita, na kila kikundi kina kiongozi wake, ambaye ni mtoto mwenzao, na msaidizi. Huu mgawanyo ndio moyo wa kabu. Katika darasa la watoto 70 mtoto mkimya anaweza kumaliza mwaka mzima bila kusema neno mbele ya wenzake. Katika kikundi cha sita hana pa kujificha, na hapati sababu ya kutaka kujificha, maana wale watano wanamhitaji.

Nikuoneshe kwa mchezo mmoja ninaoupenda kuliko yote. Kiongozi anatandika kanga chini, anapanga juu yake vitu kama kumi na tano vya kuokota tu: msumari, kizibo cha soda, punje ya mahindi, kifungo, kipande cha chaki, ganda la konokono, jani la mgomba lililokunjwa, kalamu isiyo na mfuniko. Anavifunika kwa kanga nyingine. Kikundi cha sita kinaitwa, kinafunuliwa vitu hivyo kwa dakika moja, kisha vinafunikwa tena na wao wanakwenda pembeni kuandika wanavyovikumbuka. Mara ya kwanza wote wanakodolea macho vitu vyote kwa pamoja, wanarudi na saba au nane, wanalaumiana. Kiongozi mzuri wa kabu hapo hasemi kitu. Anawaacha wakacheze mara ya pili. Baada ya muda utamsikia mmoja wao, mara nyingi si yule mwenye sauti kubwa, akisema, “Wewe angalia upande huu, mimi upande ule.” Wamegundua kugawana kazi, na hakuna aliyewaambia. Mtu mzima ambaye angewapa siri hiyo dakika ya kwanza angekuwa amewanyang'anya mkutano mzima.

Na mafundo ndivyo yalivyo. Fundo la kwanza ambalo kabu hujifunza ni lile la kuunganisha kamba mbili za unene mmoja: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Mtoto akirudia upande uleule mara mbili, fundo linakaa kombo na linateleza. Akiligeuza sawasawa linalala bapa kabisa, na ndiyo maana hufungiwa bendeji, kwa sababu halimchomi mgonjwa. Anafundishwa pia kwamba fundo hilo halifungiwi mzigo wala halining'inizi mtu, kwa kuwa likivutwa upande mmoja linafunguka. Ile skafu ya shingoni, ambayo wazazi wengi wanadhani ni pambo, ikikunjwa pembetatu inabeba mkono uliovunjika. Binti yako atakufunga wewe, atamfunga baba yake, atamfunga hata mdogo wake. Kubali kufungwa. Anahitaji mwili wa kujifunzia.

Halafu kuna tendo jema la kila siku. Mtoto anapiga fundo dogo kwenye ncha ya skafu asubuhi na halifungui mpaka awe amemsaidia mtu bila kuombwa na bila kudai chochote. Hapa nawaomba wazazi jambo moja: msiligeuze kuwa kazi za ndani. Ukimwambia “wewe si kabu, nenda ukaoshe vyombo,” umemuua. Tendo jema ni lile alilolibuni yeye. Akimpokea bibi wa jirani ndoo ya maji akachelewa kidogo kurudi, muulize kwa upole kabla ya kumgombeza.

Kila kabu huapa ahadi, fupi kuliko ya wakubwa, ya kumcha Mungu, kuitumikia nchi na kuwasaidia wengine. Haapi siku ya kwanza. Anahudhuria kwa wiki kadhaa, anaelewa maneno yake, ndipo anavishwa skafu. Kuhusu Mungu, kila mtoto huomba kwa imani ya kwao: Mlutheri, Mkatoliki, Mwislamu, wote katika mduara mmoja. Kwa mji wetu tatizo huwa siku kuliko dini. Kundi linalokutana Jumamosi asubuhi linawaacha nje watoto wa Kisabato, na wengine wako madrasa saa hizo. Kama familia yenu imo kati ya hizo, ongea na kiongozi mapema, kwa sababu makundi mengi ya shuleni yanaweza kuhamia Ijumaa alasiri baada ya vipindi. Kuna na twisheni, ambayo siku hizi inameza Jumamosi za watoto wa darasa la pili kana kwamba mtihani ni kesho. Mtoto anayepima ukubwa wa hema kwa hatua zake, anayegawa ndizi kumi na mbili kwa vikundi vitatu, anayesoma maelekezo kwa sauti ili wenzake wafuate, yuko darasani. Kwa umri wa miaka 7 ningemwachia Jumamosi yake.

Sasa usalama, na hapa naomba usome polepole.

Kanuni ya msingi ni kwamba mtu mzima mmoja habaki peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Si stoo ya vifaa, si nyumbani kwa kiongozi, si kwenye bodaboda. Daima watu wazima wawe wawili au zaidi, na kundi lenye wasichana liwe na kiongozi mwanamke. Shirika la Skauti Duniani lilipitisha azimio la kuwalinda watoto dhidi ya madhara katika mkutano wake wa Thessaloniki, Ugiriki, mwaka 2002, na vyama wanachama, Chama cha Skauti Tanzania kikiwemo, vinawajibika nalo. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamlinda mtoto dhidi ya mateso na unyanyasaji popote alipo, si nyumbani tu. Kwa hiyo unapouliza maswali haya humtukani mtu. Kiongozi anayenuna akiulizwa watoto wanalala na nani au wanakwenda chooni na nani, huyo ameshakujibu.

Tazama pia kama kiongozi ana fimbo. Kwenye kabu hakuna viboko. Mtoto akivuruga mchezo anakaa pembeni kidogo, anaongeleshwa, anarudi. Na muulize kiongozi amepata mafunzo gani. Waliofuzu mafunzo ya juu ya uongozi huvaa shingoni kamba nyembamba ya ngozi yenye shanga mbili za mbao, desturi iliyoanza mwaka 1919 katika kituo cha Gilwell Park, karibu na London. Asiyekuwa nazo si mbaya. Wengi ni walimu vijana wanaojitolea bila mshahara na bado wako njiani. Lakini lazima awe anajulikana kwa kamishna wa skauti wa wilaya, na kundi liwe limesajiliwa huko. Swali hilo linajibiwa kwa simu moja, na mwalimu mkuu anayo namba ya kamishna.

Mfundishe binti yako mapema kwamba hakuna siri ya kabu ambayo mama haruhusiwi kuijua. Likitokea lolote la kumtia hofu, kuna simu ya bure ya kuwasaidia watoto, namba 116, na kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Mwambie namba hiyo kama unavyomwambia jina la mtaa wenu.

Hiyo safari unayoiogopa, kwa kabu huwa ni matembezi ya mchana. Hapa Moshi tumebarikiwa, maana Msitu wa Rau uko karibu kabisa na mji, hauhitaji hata basi la kukodi. Kundi linaomba ruhusa kwa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, linaongozana na mtu anayeujua msitu, na watoto wanawaona mbega juu ya miti, wenye manyoya meupe marefu mabegani, na wanaupapasa mti wa msoo, ambao duniani unapatikana sehemu chache sana. Mtoto ambaye kila siku anaambiwa “angalia Mlima Kilimanjaro ule” huenda hajawahi kuambiwa kwamba chini yake kidogo tu, maji ya mlima huo yanachipuka ardhini na kuulisha msitu mzima. Akiliona hilo kwa macho yake, hataitupa chupa ya plastiki mtoni tena, na atakukataza na wewe.

Kabla ya matembezi utaletewa barua ya ruhusa. Isome. Iwe na mahali, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, majina ya watu wazima na namba zao. Andika wazi kama mtoto ana pumu, selimundu, kifafa, au chakula kinachomdhuru. Ambatisha nakala ya kadi ya bima kama mnayo. Wazazi wengine huficha ugonjwa wakiogopa mtoto ataachwa. Usifiche. Kiongozi anayejua kwamba mtoto ana selimundu atamvika sweta, atampa maji mara kwa mara na hatamkimbiza mlimani. Asiyejua atamhesabu kuwa mvivu. Mwezi wa saba hapa kwetu baridi haina mzaha na ukungu unashuka mpaka mchana, kwa hiyo sweta liwemo hata kama kiongozi hakulitaja. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, mimi singempeleka kabu yeyote karibu na Mto Karanga wala mto mwingine wowote. Maji ya mlimani yanashuka ghafla hata kama mjini hakuna mvua.

Kulala nje si lazima kwa miaka 7. Hatua nzuri huanza na kambi ya mchana pale pale shuleni: wanapiga mahema, wanapika, wanaimba kuzunguka moto jioni, kisha saa mbili wazazi wanawachukua. Mwaka unaofuata, akiwa tayari mwenyewe, analala usiku mmoja. Wasichana hema lao na wavulana lao, watu wazima lao, vyoo vikiwa na taa na njia inayoonekana. Akikuambia hataki kulala huko, muache. Kuna watoto hodari wa kila kitu ambao usiku wanamtaka mama, na hilo linapita lenyewe.

Gharama. Kuna ada ndogo ya usajili kwa mwaka, kuna sare, na kuna mchango wa matembezi. Dai risiti kwa kila kitu, hata kama anayepokea ni mwalimu unayemheshimu. Sare usiikimbilie. Anza na skafu, ambayo fundi wa mtaani anaishona kwa kipande cha kitambaa, na ukiwa na mwezi mbaya mueleze kiongozi. Kundi linalomrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa shati limesahau kazi yake. Nimewaona watoto waliohudhuria kwa sare ya shule muhula mzima na hakuna aliyewabagua, kwa sababu kiongozi wao alihakikisha kila mwezi kuna siku ambayo wote wanakuja na sare ya shule.

Kama baba bado ana wasiwasi, mualike yeye ndiye aende kuangalia. Akina baba huwa wanaombwa pesa tu, hawaombwi ujuzi. Kama ni fundi seremala, dereva, mkulima wa mpunga kule Mabogini, kundi lina nafasi yake: saa moja ya kuwafundisha watoto kushika msumeno kwa usalama, au kubadilisha tairi, au jinsi maji yanavyogawanywa mashambani. Mtoto anayemwona baba yake akifundisha wenzake hutembea kifua mbele wiki nzima.

Na huyo wa miaka 4, asubiri, mama. Kwa umri huo hawezi kufuata mchezo wenye kanuni tatu, na dada yake anahitaji mahali pake ambapo si mlezi wa mdogo wake. Mlete siku ya moto wa kambi ya mchana, wazazi wanapoalikwa, aimbe na ale mahindi ya kuchoma. Akifika darasa la kwanza au la pili na bado anataka, mwandikishe katika kikundi cha sita tofauti na cha dada yake.